Kupanga, Kutenda na Kujichunguza katika Maisha ya Kikristo: Mafunzo kutoka Tarime na Serengeti

Katika sharika zetu neno "mpango" limekwisha kuwa neno la kila siku. Usharika una mpango wa mwaka, jimbo lina mpango wa miaka mitatu, na dayosisi ina mpango mkakati uliojalidiwa vizuri na kuwekwa katika kabati la ofisi. Utendaji nao si jambo geni kwetu, maana Wakristo wa nchi hii ni watu wa kazi. Lakini jambo la tatu, yaani kujichunguza, halijapata mahali pake. Ama limeachiwa maisha ya faragha, kana kwamba linamhusu mtu na Mungu wake tu saa ya kulala, ama limegeuzwa kuwa "tathmini", yaani kurasa zinazoandikwa ili awamu ya pili ya fedha iweze kutolewa. Katika makala hii tunakusudia kueleza kwamba mambo haya matatu ni mwendo mmoja wa imani, na kwamba hilo la tatu haliwezekani kwa ukweli ila pale ambapo fundisho la kuhesabiwa haki kwa imani linaaminiwa hata katika kikao cha baraza la wazee, wala si mimbarani peke yake.

Hatupendi kuyaeleza haya kwa maneno matupu. Kwa hiyo tumechagua mfano mmoja, nao ni juhudi za makanisa dhidi ya ukeketaji katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Msomaji atambue tangu mwanzo kwamba sisi Walutheri si watangulizi katika eneo hilo. Wamennonite walifungua kituo chao cha kwanza Shirati mwaka 1934, na mapadre wa Maryknoll walifika Musoma mwaka 1946, wakiwakuta wamisionari wengine wa Kanisa Katoliki pamoja na Waadventista wakiwa wamekwisha kufanya kazi. Hata juhudi tutakazozieleza hapa, sehemu iliyo kubwa imefanywa na ndugu zetu Waanglikana na Wakatoliki. Tunaona hilo si kikwazo. Mara nyingi ni rahisi zaidi kutazama kwa makini kazi ya jirani kuliko kazi yako mwenyewe, ilimradi macho hayo hayo yarudi nyumbani baadaye.

Tendo lenye kalenda

Mchungaji au mwinjilisti anayetumwa Tarime au Mugumu anapaswa kwanza kutambua kwamba ukeketaji wa huko, kwa desturi, haukuwa tendo la kificho la familia moja moja. Ni tendo lenye kalenda. Wakurya wamegawanyika katika koo: Wairege, Wanyabasi, Watimbaru, Wakira, Wanchari, Wanyamongo na nyinginezo, na kila ukoo una baraza lake la siri la wazee wa mila, liitwalo inchama. Wazee hao ndio wanaoamua kama mwaka unafaa kwa tohara ya vijana, wavulana na wasichana pia. Hupima dalili za heri na za nuksi, na dalili zikiwa mbaya msimu huahirishwa. Kwa koo nyingi msimu huangukia miaka inayogawanyika kwa mbili, hasa mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa na watoto wakiwa nyumbani. Ngariba hupangiwa mahali na siku. Kila msichana hutolewa malipo, na sehemu ya malipo hayo huwafikia wazee. Kisha hufuata ngoma, zawadi, na heshima ya kuitwa mtu mzima. Na nyuma ya heshima hiyo zinasubiri posa na mahari ya ng'ombe. Msichana asiyepitia hayo huitwa msagane, nalo ni jina la dharau ambalo mtoto wa miaka kumi na miwili hawezi kulibeba peke yake.

Tunayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu moja. Mara nyingi tunaposema juu ya mila twadhani kwamba upande wetu ndio wenye mipango, na upande wa pili wenye mazoea tu. Kwa kweli inchama hupanga, hutenda, na tena hupima mambo kabla na baada ya kutenda. Nidhamu yao katika jambo hili yaweza kuliaibisha baraza la usharika ambalo hukutana mara nne kwa mwaka, na mara mbili kati ya hizo likakosa akidi.

Kwa upande wa dola, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana (Masharti Maalum) ya mwaka 1998 iliongeza katika Kanuni ya Adhabu kifungu cha 169A, kinachomtia hatiani mtu mwenye malezi ya msichana aliye chini ya miaka 18 akimkeketa au akisababisha akeketwe. Adhabu iliyowekwa ilikuwa kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Fedha hizo kwa bei za leo hazinunui ng'ombe mmoja mzuri. Aidha, sheria hiyo ilikaa kimya kuhusu wanawake waliovuka umri wa miaka 18.

Kupanga

Maandiko hayaoni haya kusema juu ya mipango. Bwana wetu, katika Luka 14, anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara na ambaye huketi kwanza akahesabu gharama. Lakini mfano unaotufaa zaidi ni wa Nehemia. Alipopata habari za Yerusalemu alilia, akafunga, akaomba; kisha, alipofika mjini, hakuhubiri. Aliondoka usiku pamoja na watu wachache, akazunguka kuta zilizobomoka, akatazama kila lango, wala wakuu hawakujua alikokwenda (Nehemia 2:11–16). Mpango wake ulizaliwa na macho yaliyoona.

Jambo kama hilo limetokea Serengeti. Nyumba Salama ya Mugumu ilifunguliwa mwaka 2014 chini ya Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana, ikiongozwa na Bi. Rhobi Samwelly, mzaliwa wa mkoa huo ambaye ameeleza hadharani jinsi yeye mwenyewe alivyokeketwa akiwa na umri wa miaka 13 na nusura afe kwa kutokwa damu. Mwaka 2017 alianzisha shirika la Hope for Girls and Women, linaloendesha nyumba za hifadhi Mugumu na Butiama. Ugumu mmoja uliojitokeza mapema haukuwa wa kitheolojia hata kidogo: vijiji na vitongoji vingi havikuwamo katika ramani. Habari ilikuja usiku kwamba msichana fulani, mahali fulani, anakeketwa alfajiri, na gari halikujua pa kuelekea. Tangu mwaka 2015 watu wa kujitolea wa mradi wa Crowd2Map, wengi wao wakiwa nchi za mbali, wamechora barabara na nyumba kwa kutumia picha za satelaiti, huku wenyeji wakiongeza majina ya vitongoji, shule na zahanati kwa kutumia simu zao. Nehemia alizunguka ukuta kwa mnyama mmoja. Hawa wanazunguka kwa namna yao. Ni kazi ile ile ya kutazama kwanza.

Hapa inafaa kuondoa wasiwasi mmoja unaosikika katika makanisa yetu, hasa miongoni mwa watu wa Uamsho, kwamba kupanga ni kumwekea Roho Mtakatifu mipaka. Wenye wasiwasi huo hupenda kutaja Yakobo 4:13–15. Lakini mtume huyo hawakemei wafanyabiashara wale kwa kuwa wamepanga safari. Anawakemea kwa kuwa wamepanga kama watu wasiokufa. Mpango wa Mkristo ni ungamo la mipaka yake. Anayeandika katika mpango wake kwamba nyumba ina vitanda vya wasichana kadhaa na si zaidi, amekiri kwamba yeye si Mungu. Asiyeandika kitu, akitumaini kwamba yote yatajipa, ndiye aliye karibu zaidi na kiburi.

Kutenda

Habari za Msamaria mwema husomwa mara nyingi kama habari za huruma ya ghafla. Hata hivyo tendo lake lina sehemu mbili. Kuna mafuta na divai njiani, na kuna dinari mbili alizompa mwenye nyumba ya wageni siku ya pili, pamoja na ahadi ya kurudi na kulipa kitakachozidi (Luka 10:35). Sehemu hii ya pili ndiyo inayolishinda Kanisa mara kwa mara.

Nyumba za hifadhi, kwa asili yake, ni za msimu: msichana hukimbilia huko Desemba, msimu ukapita, akarudi kwao. Vivyo hivyo kituo cha Masanga, wilayani Tarime, kinachoongozwa na masista wa Kanisa Katoliki, kimekuwa kikiwapokea wasichana kambini wakati wa likizo, kikiwafundisha juu ya afya, haki na utu wao, na kuwahitimisha kwa sherehe ya kuingia utu uzima bila kukatwa. Lakini tendo lilifunua jambo ambalo hakuna mpango unaoweza kulimaliza kwenye karatasi. Wako wazazi waliokataa kuwapokea binti zao. Baba aliyekwisha kuhesabu ng'ombe hakutaka kumwona tena aliyeyakimbia mahari. Msichana akabaki, na aliyebaki anahitaji shule, sare, daftari, cherehani ya kujifunzia ufundi, na mtu wa kumwita mama siku ya kufunga shule. Huduma iliyokusudiwa kwa majuma machache ikawa malezi ya miaka. Dinari mbili hazikutosha, na mwenye nyumba alihitaji kujua kama msafiri atarudi kweli.

Ni hapa fundisho letu la wito linapopata uzito. Luther alifundisha kwamba Mungu hazihitaji kazi zetu njema. Anayezihitaji ni jirani. Basi tendo la Kikristo hupimwa kwa haja ya jirani huyo, nayo haja haifuati kipindi cha mradi. Tendo jema ambalo halikubali kubadilishwa na haja iliyoonekana njiani limeanza kumtumikia mtendaji.

Kujichunguza

Sasa tunafika mahali penyewe. Katika Marko 6:30–31 mitume walirudi kwa Yesu wakamweleza yote waliyoyafanya na kuyafundisha, naye akawaita kando, mahali pasipo watu. Na wale sabini waliporudi kwa furaha kwa sababu pepo wamewatii, Bwana hakuikataa taarifa yao, bali aliihamisha furaha yao kutoka kwenye mafanikio hadi kwenye majina yao yaliyoandikwa mbinguni (Luka 10:17–20). Tunaona kwamba marekebisho haya madogo ndiyo msingi wa kujichunguza kote kwa Kikristo. Mtu ambaye jina lake limekwisha kuandikwa anaweza kusimulia yote, pamoja na yale yaliyoharibika. Mtu ambaye jina lake linategemea taarifa hawezi.

Kwa bahati mbaya taarifa nyingi za kazi ya Kanisa huandikwa na mtu wa aina hii ya pili. Si kwamba waandishi ni waongo. Fedha za mwaka ujao, mshahara wa mratibu na heshima ya dayosisi vyote vinaning'inia katika kurasa hizo, na kwa hiyo kurasa hizo zimekuwa, bila mtu kukusudia, mahali pa kujihesabia haki kwa matendo. Tunahubiri dhidi ya jambo hilo kila Sikukuu ya Matengenezo, kisha Novemba tunaliandikia taarifa ya kurasa arobaini.

Tuchukue takwimu zinazotajwa mara nyingi kuhusu Mara. Uchunguzi wa taifa wa hali ya watu na afya wa mwaka 1996 ulionyesha kwamba wanawake 44 katika kila 100 mkoani humo walikuwa wamekeketwa; ule wa 2015–16 ulionyesha 32, na ule wa mwaka 2022 ukaonyesha 28. Kitaifa idadi imeshuka kutoka 18 katika kila 100 mwaka 1996 hadi 8 mwaka 2022. Hayo ni mambo ya kumshukuru Mungu kwayo. Hata hivyo anayejichunguza atauliza maswali mawili ambayo mwandishi wa taarifa hana haraka nayo. La kwanza: idadi hizi huhesabu wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Msichana aliyekeketwa Desemba 2022 akiwa na miaka 9 hataonekana katika hesabu hiyo kabla ya mwaka 2028. Basi idadi ya leo inatueleza zaidi juu ya misimu iliyopita kuliko juu ya msimu uliokwisha mwezi uliopita. La pili: idadi ya mkoa mzima huchanganya watu wa Rorya, ambako wengi ni Wajaluo wasio na desturi hii, na watu wa Tarime na Serengeti. Wastani wa mkoa hauwezi kumfariji mchungaji wa Nyamwaga.

Yako pia yale ambayo tendo jema limeyasababisha bila kutaka. Sheria na kampeni zilipokaza, sehemu ya desturi ilijificha. Wasichana wakaanza kukeketwa wakiwa wadogo zaidi, kabla hawajajua pa kukimbilia. Wengine usiku, pasipo ngoma. Wengine wakavushwa mpaka, maana Wakurya wako pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania, na ngariba hahitaji hati ya kusafiria. Kenya ilitunga sheria yake maalum ya kukataza ukeketaji mwaka 2011, lakini sheria mbili zenye polisi wawili wasiozungumza huacha mlango katikati. Je, hii ina maana kwamba kampeni zilikosea? La, hasha. Ina maana kwamba mpango uliofaa mwaka 2014 haufai kunakiliwa mwaka 2026.

Historia ya Kanisa katika Afrika ya Mashariki inatupa onyo kuhusu hali hii. Mwaka 1929 misheni kadhaa katika nchi ya Wakikuyu, hasa ile ya Kanisa la Scotland, ziliwataka waumini waweke ahadi ya kuikana tohara ya wanawake, wasiokubali wakatengwa. Lengo lilikuwa la haki. Lakini wamisionari hao hawakujiuliza kwa kina ni kwa nini ahadi hiyo ilisikika masikioni mwa wengi kama amri ya watu wale wale waliochukua ardhi. Kwa muda mfupi waumini wengi waliondoka, makanisa na shule za kujitegemea zikaanzishwa, na desturi yenyewe ikawa bendera ya kupinga ukoloni. Wakati ule ule, kusini mwa Tanganyika, Askofu Vincent Lucas wa Masasi alijaribu njia nyingine, akiipa jando mahali ndani ya maisha ya Kanisa. Njia yake nayo ilikuwa na matatizo yake, na jando la Masasi si ukeketaji wa Mara. Lakini sherehe ya Masanga, tukiitazama vizuri, ni mjukuu wa swali lile lile: kijana atavukaje kuingia utu uzima mbele ya watu wake, na Kanisa lina nini cha kumpa mahali pa kisu?

Mara yenyewe haikukosa shule ya kujichunguza. Uamsho wa Afrika ya Mashariki uliwagusa Wamennonite wa Shirati mwaka 1942, nao uliwafundisha wengi, wamisionari na wenyeji kwa pamoja, kuungama hadharani na kutembea nuruni. Urithi huo ni wa thamani kuu. Pungufu lake, kwa maoni yetu, ni kwamba mara nyingi nuru ilimulika moyo wa mtu mmoja mmoja: hasira, wizi, uzinzi, kijicho. Ni nadra kusikia baraza zima likiungama kuhusu bajeti yake.

Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 inatusaidia hapa. Luther anapomwelekeza mtu jinsi ya kuungama hamwambii achimbe hisia zake. Anamwelekeza atazame nafasi yake katika nuru ya Amri Kumi: kama ni baba au mama, mwana au binti, bwana au mtumishi. Huo ni uchunguzi wenye anwani. Tukiuleta Tarime, maswali yanakuwa wazi kuliko tunavyopenda. Mzee wa kanisa, je, Desemba alikula nyama kwenye sherehe ya jirani, na kwa kula huko alisema nini? Mama wa kikundi cha wanawake, je, alimchangia khanga msichana aliyekatwa, na kwa yule aliyekataa alichanga nini? Mwalimu wa kipaimara, je, anajua ni wanafunzi wangapi kati ya wale wa kike hawakurudi Januari, na kwa sababu gani? Mchungaji, je, alipangiwa likizo mwezi ule ule ambao wasichana walihitaji kumkuta nyumbani?

Swali hili la mwisho si la mzaha. Kalenda ya Kanisa inaweka katika Desemba Majilio, Noeli, mahesabu ya mwaka na safari za kwenda kwao. Kalenda ya inchama inaweka hapo hapo kisu. Usharika wowote wa wilaya hizi mbili ambao haujaziweka kalenda hizi mbili mezani pamoja bado haujapanga.

Tunapendekeza, basi, kikao cha Januari. Kifanyike kila baada ya msimu, kabla taarifa yoyote haijaandikwa kwa mfadhili yeyote, na mwenye kalamu ya taarifa asiwe mwenyekiti wake. Kianze na ungamo na tangazo la ondoleo la dhambi, maana bila ondoleo hilo hakuna atakayesema kweli. Waalikwe mwalimu mkuu, mganga wa zahanati, askari wa dawati la jinsia na watoto, na, wakikubali, wasichana wawili au watatu waliokimbia na mmoja ambaye hakuweza kukimbia. Yasomwe majina ya vitongoji ambavyo hakuna aliyetoka, na iulizwe kwa nini. Iulizwe pia wako wapi wale waliorudishwa kwao mwaka juzi kwa sahihi za wazazi, na ni nani aliyekwenda kuwaona tangu wakati huo. Mpango wa msimu ujao uandikwe hapo hapo, kwa penseli, na mwaka wa katikati, ule usio na ngoma, utumike kuwatembelea baba za wasichana, mmoja mmoja, nyumbani kwao, jioni baada ya ng'ombe kurudi zizini.